Chumvi Iliyotufuata Nyumbani



Kwenye kikao cha mwezi uliopita mama mmoja wa Bagira aliinua mkono akauliza: "Ile motokari yetu ilikufa na nini?" Kila mtu alijua anasema ipi. Ni ile minibasi nyeupe tuliyonunua kwa likelemba yetu na kwa michango ya ndugu walio Kanada na Ubelgiji, ili ibebe wagonjwa wetu na kusindikiza marehemu wetu. Ilitutumikia mwaka mmoja na miezi minne. Leo imekalia mawe kwenye garaji, haina magurudumu, na fundi anasema hairudi tena barabarani.

Majibu yalikuwa mengi siku ile. Mmoja alisema ni dereva. Mwingine alisema ni fundi, alibadilisha vyuma usiku. Mwingine alisema kuna mkono wa mtu. Mimi nilisema: "Mama, ilikufa na chumvi." Watu wakacheka, hata mwenyekiti. Halafu akaniambia: "Papa, basi andika hiyo habari ya chumvi kwenye ukurasa wa historia, tuisome vizuri." Njo hii. Nawaomba muisome mpaka chini, juu mwishoni kuna jambo linalomhusu mtu tuliyemkosea.

Chumvi ya wazee

Sisi watu wa Maziwa Makuu tumekuzwa kuiheshimu chumvi. Kabla ya ile ya mfuko kujaa madukani, chumvi ilitoka mbali na ilikuwa mali. Kule Uvinza, upande wa Kigoma, watu walichota maji ya chumvi kwenye chemchemi, wakayachemsha kwenye vyungu mpaka maji yaishe na chumvi ibaki. Wanaakiolojia waliochimba pale wamekuta dalili kwamba kazi hiyo ilikuwa ikifanyika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Chumvi ile ilifika Ujiji, ikapanda mitumbwi, ikauzwa pande za Ziwa Tanganyika.

Upande wa kaskazini kulikuwa na Katwe, ziwa dogo la chumvi karibu na Ziwa Edouard, ambalo leo liko Uganda. Stanley alipita hapo mwaka 1889, akakuta watu wanaishi kwa biashara hiyo. Wafalme wa Bunyoro na wa Toro waliigombania, na mwaka 1891 Mwingereza Lugard akajenga ngome palepale, juu aliona kwamba anayeshika chumvi anashika na soko. Mpaka leo kuna watu wanaosimama ndani ya maji yale ya Katwe wakivuna chumvi kwa mikono.

Nyanya yangu wa Walungu aliweka chumvi yake kwenye kibuyu kidogo, karibu na jiko ili isilowe. Aliitoa kwa ncha za vidole viwili. Mtoto akiimwaga, alipigwa. Na mgeni akipewa mboga isiyo na chumvi, alijua kwamba nyumba ile ina shida, asiulize zaidi.

Nawakumbusha haya ili mjue nilitoka na akili gani nilipofika kule kwa baridi.

Januari 1998

Niliondoka Bukavu mwisho wa 1996, vita ilipoingia mjini. Nikapita Nairobi, na mwezi wa 11 mwaka uliofuata ndege ikanishusha Montréal. Theluji ya nchi yetu iko juu ya Ruwenzori tu, na huko motokari haifiki. Sikujua lolote.

Majira yangu ya kwanza ya baridi yalikuwa yale ya mvua ya barafu. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Januari 1998 mvua ilinyesha na kuganda pale ilipoanguka, juu ya miti, juu ya nyaya, juu ya nguzo za umeme za chuma. Nguzo zikakunjika kama mabua ya mahindi. Nyumba zaidi ya milioni moja zikakosa umeme, na wenye kukosa moto njo sisi wageni tuliolala kwenye ukumbi wa shule pamoja na Wazungu, kila mtu na blanketi lake.

Usiku mmoja nilisimama dirishani na yaya mmoja wa Uvira aliyekuwa kule miaka sita. Lori kubwa likapita polepole, taa zinazunguka, nyuma yake linatawanya punje nyeupe barabarani.

"Yaya, beko namwaga nini?"

"Chumvi."

"Chumvi ya kula?"

"Ni ile ile, haijasafishwa tu. Utaizoea."

Nilikifikiria kile kibuyu cha nyanya. Lori likageuka kwenye kona, likarudi, likamwaga tena.

Chumvi ilipandaje barabarani

Zamani watu wa nchi za baridi hawakuiondoa theluji barabarani. Walikuwa na farasi na sleji, na sleji inataka theluji. Waliishindilia kwa magogo makubwa yenye kuviringika ili iwe ngumu na laini. Mijini kampuni za tramu zilipoanza kumwaga chumvi kwenye reli, raia wengine walilalamika kwamba inaumiza kwato za farasi na kuharibu viatu na nguo. Kwa hiyo ugomvi wa chumvi ni mkubwa kuliko motokari yenyewe.

Motokari ndiyo iliyobadilisha mambo. Gurudumu la mpira halitaki theluji, linataka lami kavu. Mwanzoni walimwaga mchanga na majivu ya makaa ya mawe. Mwaka 1938 jimbo la New Hampshire, Marekani, likaanza kujaribu chumvi, na mwaka 1941 likawa jimbo la kwanza kuifanya utaratibu wa barabara zake. Baada ya vita kuu, kila mtu alitaka kwenda kazini Januari kama anavyokwenda Julai. Marekani ilimwaga tani milioni 1 hivi mwaka 1955. Miaka 15 baadaye ilikaribia tani milioni 10. Siku hizi inapita tani milioni 20 katika mwaka mmoja. Kanada, yenye watu wachache zaidi, ilihesabiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba inatumia karibu tani milioni 5.

Sehemu kubwa ya chumvi hiyo inatoka chini ya ardhi. Goderich, mkoa wa Ontario, walichimba kutafuta petroli mwaka 1866, wakakuta chumvi. Leo kuna mgodi unaopita chini ya Ziwa Huron, kina cha mita 500 na zaidi, ambao ni mkubwa kuliko migodi yote ya chumvi ya chini ya ardhi duniani. Québec nayo ina mgodi wake kwenye visiwa vya Îles-de-la-Madeleine tangu miaka ya 1980. Sisi tunaojua migodi ya Kamituga tunaweza kuelewa: watu wanashuka gizani ili walete kitu cha kumwagwa chini.

Mbona wanaimwaga? Maji matupu yanaganda kwenye digrii 0. Ukiyatia chumvi, yanakataa kuganda mpaka baridi izidi. Yakishiba chumvi kabisa yanaweza kufika digrii 21 chini ya sifuri. Lakini barabarani, baridi ikipita digrii 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inachoka. Hapo wanachanganya kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu, ambazo zina nguvu zaidi. Hizi mbili zina tabia moja mbaya: zinavuta unyevu kutoka hewani. Chuma kilichopakwa nazo hakikauki vizuri hata mvua isiponyesha. Mshike neno hilo, tutalirudia tukifika Bukavu.

Siwezi kuilaani chumvi. Bila hiyo watu wengi wangekufa barabarani kule, na mimi nisingefika kazini. Lakini inadai malipo. Mwaka 2001 serikali ya Kanada, baada ya uchunguzi, ilitangaza kwamba chumvi ya barabarani inadhuru mito, udongo na mimea, ingawa haikuipiga marufuku. Daraja la Champlain la Montréal lilifunguliwa mwaka 1962, likijengwa bila kufikiria chumvi. Chumvi ikalila, na mwaka 2019 daraja jipya likachukua nafasi yake. Kama daraja zima linaliwa, motokari ni nini?

Vita ya kuosha

Chuma, maji na hewa vikikutana vinazaa kutu. Chumvi inayafanya maji yapitishe umeme mdogo unaokimbiza kazi hiyo. Kutu nayo inavimba: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Kwa hiyo inasukuma rangi kutoka ndani, rangi inapasuka, na maji yanapata mlango mpya.

Wenye motokari waliligundua hilo kwa uchungu. Miaka ya 1950 huko Detroit fundi Mjerumani, Kurt Ziebart, alitengeneza njia ya kupuliza nta ndani ya mashimo ya bodi, na mwaka 1959 kazi yake ikawa kampuni. Miaka ya 1970, huko Kanada, wenye magari ya Ford yaliyotoboka mapema waliungana wakafanya chama chao, Phil Edmonston wa Montréal, mtetezi wa wanunuzi, akiwa mbele, wakaidai kampuni fidia. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, juu hata kule kwa wenye pesa, mtu peke yake hakusikilizwa mpaka alipoungana na wenzake.

Viwanda vikasikia. Vikaanza kupaka zinki kwenye bati za bodi. Mwaka 1985 Audi ilitoa Audi 100 ambayo bodi yake nzima ilikuwa na zinki. Tangu hapo motokari za kule hazitoboki milango haraka kama zamani. Lakini sikilizeni vizuri, juu hapa njo fundo la habari yote. Bodi ilipona, na vyuma vingi vya chini vikabaki kama vilivyokuwa: shasi, mirija ya breki, viunga vya springi. Motokari ya mwaka 1975 iliyooza ilionekana imeoza. Motokari ya mwaka 2005 inaweza kung'aa juu na kuwa imekwisha chini. Macho yetu yalizoea kutazama rangi, na rangi imeacha kusema ukweli.

Toyota yenyewe, ambayo sisi tunaiamini kuliko zote, mwaka 2016 ilikubali Marekani kumaliza kesi ya shasi zilizooza za pikapu Tacoma na Tundra na gari la Sequoia, kesi iliyohusu magari karibu milioni moja na nusu. Mwaka mmoja kabla, ofisi ya Marekani ya usalama wa barabara ilifunga uchunguzi wake juu ya mirija ya breki iliyooza kwenye mamilioni ya magari makubwa ya General Motors. Haikuamuru yarudishwe. Iliwaambia wenye magari: osheni chini, ondoeni chumvi, mkaguliwe mirija.

Mimi niliosha motokari Montréal kwa majira 11 ya baridi. Kazi ya jioni, buti mpaka magotini, mikono haiwezi kushika kijiko ukirudi nyumbani. Msimamizi wetu alinifundisha kanuni ambazo sijazisahau.

Kwanza, unaanza chini. Maji ya nguvu ndani ya matao ya magurudumu, kando ya shasi, nyuma ya bampa. Mlango una vitobo vidogo kwa chini vya kutolea maji. Vikiziba, mlango unaoza kutoka ndani.

Pili, usingoje theluji iishe. Mtu anayeosha Aprili ameosha maiti. Unaosha baada ya kila mara lori la chumvi linapopita sana, siku ambayo baridi imelegea karibu na sifuri. Ukiosha baridi ikiwa kali, maji yanaganda kwenye kufuli na mwenye motokari analala nje. Kwa hiyo unapangusa mipira ya milango na kupuliza kufuli.

Tatu, garaji yenye joto ni adui. Wengi walidhani wanaipenda motokari wakiilaza mahali pa joto. Lakini nje kwenye baridi kali kutu inakwenda polepole sana. Ndani, theluji yenye chumvi inayeyuka, inaingia kwenye kila kiungo, na kutu inafanya kazi usiku kucha.

Nne, buti za abiria zinaingiza maji ya chumvi ndani. Zulia linaloa, na bati la chini linaliwa toka juu. Lazima zulia lifunuliwe na kukaushwa.

Tano, kabla ya theluji ya kwanza, kila mwaka, unapuliza mafuta mazito chini. Mafuta yanaingia kwenye viungo kabla chumvi haijaingia.

Anayefanya hayo yote, motokari yake inazeeka vizuri. Wengi hawafanyi. Wanapitisha mashine ya juu, motokari inang'aa, wanaiuza. Na wanunuzi ni nani? Ni sisi.

Njia ya kuja kwetu

Motokari inapakiwa ndani ya kontena, inavuka bahari mpaka Mombasa au Dar es Salaam, wiki nyingi kwenye hewa ya chumvi. Kutoka Dar inapanda kwa lori, inavuka Rusumo, inapita Rwanda na msitu wa Nyungwe, inashuka Rusizi, inavuka daraja la Ruzizi. Njo inafika kwetu.

Msiseme kwamba hii ni habari ya Kanada na Ubelgiji tu. Motokari nyingi za Bukavu zina usukani wa kulia juu zinatoka Japani, na Japani ina kisiwa cha Hokkaido na mikoa ya kaskazini yenye theluji nyingi. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari, lakini yalikwangua lami na kuleta vumbi la kudhuru watu. Sheria ya mwaka 1990 ikayakataza, na barabara zikahitaji dawa za kuyeyusha barafu zaidi. Kwa hiyo RAV4 ya Nagoya na RAV4 ya Sapporo zinaweza kufanana juu kama mapacha.

Sasa, mtu atasema: ikishafika Bukavu, hakuna theluji, hakuna chumvi, itapona. Mimi pia niliamini hivyo. Si kweli. Chumvi iliyojificha kwenye viungo haikuachwa Montréal. Na ile baridi iliyokuwa inaichelewesha kutu ndiyo iliyoachwa. Hapa ni digrii 20 hivi, kuanzia Septemba mpaka Mei ni mvua, na matope ya Essence na Panzi yanajaa kwenye matao ya magurudumu yakikaa mabichi siku nzima. Ile chumvi inayovuta unyevu imepata nyumba nzuri. Kule ilikuwa inalala nusu ya mwaka. Hapa haina siku ya kulala.

Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Motokari yetu

Nakuja kwa minibasi. Ndugu zetu waliiona katika mji mmoja wa Ontario, wakatuma picha 22. Kamati ikasema: "Muulizeni Papa, yeye alifanya kazi ya motokari kule." Picha zilinijia kwa simu. Niliona rangi nyeupe, viti visivyochanika, kioo kizima. Niliandika maneno matatu: "Iko safi, nunueni."

Sikuomba picha hata moja ya chini. Mimi, wa majira 11.

Ilipofika tulifurahi, mnakumbuka. Tuliandika jina la chama mlangoni. Kila Ijumaa vijana wa kando ya ziwa waliiosha kwa ndoo na sabuni ya unga. Tuliwaambia wasugue vizuri pale kwenye jina. Hakuna aliyewaambia waingie chini.

Siku ile ya Ngomo minibasi ilikuwa inashuka kuelekea Kamanyola na watu 13 ndani, wanaenda msibani Uvira. Mnaijua ile njia: upande mmoja mlima, upande mwingine hewa. Dereva alikanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Mrija ulikuwa umepasuka. Akaingiza gea ndogo, akailaza minibasi kwenye ukuta wa mlima, ikajikwaruza mita nyingi mpaka ikasimama. Mama mmoja alivunjika mkono. Hakuna aliyekufa.

Na sisi tulifanya nini? Tulikaa kikao. Tukasema dereva alikimbiza, dereva hakutunza, dereva aliharibu mali ya chama. Tukapiga kura, tukamwondoa. Mimi pia niliinua mkono wangu.

Miezi miwili baadaye fundi aliniita garajini. Alikuwa amelala chini ya minibasi na turnevisi mkononi. Akaisukuma kwenye shasi, ikaingia kama kwenye ndizi mbivu. Chini yote ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzito, na ndani ya rangi hakuna chuma, ni maganda mekundu. Fundi alinitazama akasema: "Papa, hii motokari yenu kwa juu iko bibi-arusi, kwa chini iko maiti."

Ule mrija wa breki haukuharibiwa na mtu aliyeendesha mwaka mmoja na miezi minne. Uliliwa miaka 10 kabla, kwenye barabara ambazo dereva wetu hajawahi kuziona. Nilijua hivyo palepale. Nikanyamaza, juu ningesema ningelazimika kutaja yale maneno matatu. Mwezi uliopita yule mama alipouliza, sikuweza kunyamaza tena.

Tufanye nini

Kikao kijacho tutazungumza kununua motokari nyingine. Naomba tukubaliane haya kabla ya kutoa hata faranga moja.

Tusinunue kwa picha za juu. Tuombe picha za shasi, za mirija ya breki, za chini ya zulia. Chini ikiwa imepakwa rangi nyeusi mpya, tuogope, juu rangi hiyo mara nyingi imewekwa kuficha. Tuulize motokari iliishi mji gani. Kama inawezekana, ndugu mmoja alale chini yake na nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinanyamaza. Sumaku nayo inasaidia, haishiki mahali palipozibwa kwa mastiki.

Ikifika, kabla ya kuandika jina, ioshwe chini kwa maji ya nguvu mara kadhaa, ikaushwe juani, halafu ipulizwe mafuta mazito kwenye viungo, si kwenye breki na si kwenye mipira. Na tusimwage oili chafu kando ya ziwa, maji yale tunayahitaji wote. Mirija ya breki ya zamani ibadilishwe yote mara moja. Bei yake si kitu ukilinganisha na Ngomo.

Majira ya mvua, matope yatolewe kwenye matao ya magurudumu kila wiki. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi kuliko ya mvua, yakikauka yanaacha weupe. Basi mwisho wa kuosha tusuuze chini kwa maji ya mvua au ya bomba. Na vijana wanaoosha walipwe zaidi kwa chini kuliko kwa juu. Chini hakuonekani, lakini njo kunakobeba watu.

Jambo la mwisho si la motokari. Naomba kura ya kumwondoa dereva ifutwe, iandikwe hivyo kwenye daftari la chama, na kamati iende nyumbani kwake, si kumwita ofisini. Aliokoa watu 13 kwa motokari isiyo na breki, sisi tukamlipa kwa kumfukuza. Akikubali kurudi, usukani wa motokari mpya ni wake. Akikataa, ana haki.

Mimi sitangoja kamati. Jumapili hii baada ya misa nitapanda kwake Kadutu, nimwambie mwenyewe kuhusu zile picha 22. Mwenye kutaka kunisindikiza anikute kwenye ngazi za kanisa.

 Kikao chetu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, mahali petu pa kawaida.